Nimeshasaini kutoka lakini bado nahesabu kreti: saa hizo ni za nani?

Swali: Shikamoo mama. Mimi ni dereva wa Canter ya kusambaza soda na maji hapa Tanga mjini, na siku nyingine natoka kwenda Muheza, Pangani na Mkinga. Mshahara wangu ni sh. 390,000 kwa mwezi, kazi Jumatatu hadi Jumamosi. Daftari la mahudhurio linafunguliwa saa 1:00 asubuhi na tunasaini kutoka saa 11:00 jioni. Lakini yadi tunatakiwa tuwepo saa 11:30 alfajiri kupakia, na jioni tukishasaini bado tunashusha kreti tupu na kumsubiri keshia atufungie hesabu, hivyo kuondoka ni saa 12:30. Mchana tunakula ndani ya gari kwa sababu mzigo hauachwi. Bosi anasema ndio utaratibu, na kwamba posho ya 5,000 kwa siku ndiyo ovataimu yetu. Utingo wangu ni kibarua wa kutwa, naye yamemkuta hayo hayo. Nimeona video ya madereva wa Marekani waliolipwa kwa mambo kama haya. Mimi nina haki gani? Na nikidai, sitafukuzwa?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na jibu lenyewe: saa hizo ni za kazi na zina malipo yake. Kuzipata hizo pesa ni habari nyingine, na huko ndiko nitakakokaa zaidi, maana watu wengi wana haki mkononi wanashindwa kwenye ushahidi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, Sura ya 366, inasema saa za kawaida hazizidi 9 kwa siku, 45 kwa wiki, ndani ya siku 6. Mwajiri anakatazwa kumtaka mfanyakazi avuke hapo bila makubaliano ya ovataimu, na anakatazwa vilevile kumruhusu. Hiyo ya pili ndiyo wanayoisahau mabosi. Kama kila alfajiri msimamizi anapita yadi anawaona mmepanga foleni ya kupokezana kreti, simu zimebanwa kwapani zinamulika, na yeye anasalimia na kupita, hawezi baadaye kusema hakumwagiza mtu kuja mapema. Ameona, amenufaika, amenyamaza. Ameruhusu.

Tuchukue asubuhi yako. Kupakia, kuhesabu kreti na mtu wa stoo, kuangalia oili, maji na upepo wa matairi: hivyo ndivyo kazi ya dereva msambazaji inavyoanza. Gari halitoki getini bila hayo, na likiharibika Pongwe kwa sababu hukupima maji, wa kwanza kuulizwa ni wewe. Haiwezekani ukawa na wajibu wa kukagua gari halafu muda wa kulikagua ukawa sadaka.

Jioni ndiyo inayobishaniwa zaidi, kwa sababu sehemu kubwa ni kusubiri. Nimeyaona madirisha ya makeshia wa yadi za hapa mjini: kidirisha kimoja chenye nondo, madereva wamekaa juu ya kreti zilizopinduliwa, wanaitwa mmoja mmoja. Keshia anahesabu noti, anarudia, anapanga sarafu, anatafuta malipo ya lipa namba ambayo mteja anaapa ametuma na hayaonekani, kisha anataka maelezo ya chupa mbili zilizovunjika. Aliye wa mwisho kwenye foleni hafanyi chochote. Lakini jiulize: anaweza kuondoka? Pesa za kampuni ziko mfukoni mwake, na akiondoka bila kufunga hesabu, shoti yoyote, yaani pesa zikipungua, itakuwa juu yake. Mtu asiyeweza kwenda nyumbani kwa amri ya bosi yuko kazini, awe amebeba kreti au ameikalia.

Kuna muda usiokuwamo, na ni vizuri uujue ili usije ukadai kila kitu ukapoteza heshima ya madai yako. Safari ya kutoka nyumbani hadi yadi ni yako. Ukifika saa 10:30 kwa sababu umepata lifti, ukakaa kwa muuza chai nje ya geti mpaka wenzako waje, hiyo nayo ni yako. Ukibaki baada ya hesabu kuosha gari kwa mapenzi yako kwa vile unapenda ling'ae, ni yako, isipokuwa kama ni amri kwamba gari lilale safi.

Chakula cha mchana. Anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo anastahili mapumziko yasiyopungua dakika 60. Bosi halazimiki kuyalipia, lakini kwa sharti kwamba uko huru. Akikutaka ubaki kazini au uwe tayari kwa kazi wakati huo, kama wewe unayekula wali kwenye usukani ukilinda mzigo, inabidi alipe. Hapa watu wa usambazaji wanapoteza saa nzima kila siku bila kujua.

Sasa tupige hesabu, maana bosi hashtuki kwa maneno. Mshahara wa mwezi unagawanywa kwa 4.333 kupata wa wiki, na wa wiki kwa saa 45. Kwa kifupi gawanya kwa 195. Sh. 390,000 kwa 195 ni sh. 2,000 kwa saa. Ovataimu hailipwi chini ya mara moja na nusu, kwa hiyo ni sh. 3,000.

Daftari la bosi wako lenyewe linamtia hatiani. Saa 1:00 asubuhi hadi saa 11:00 jioni, ukitoa saa moja ya chakula, ni saa 9. Kwa siku 6 ni saa 54. Kikomo cha kawaida ni 45. Yaani hata kabla hatujagusa alfajiri wala jioni, tayari kuna saa 9 za ovataimu kila wiki, zimeandikwa kwa kalamu ya kampuni na kusainiwa. Waajiri wengi hushika ile 9 ya siku na ile 6 ya wiki, wakasahau kwamba kuna 45 katikati.

Ongeza saa moja na nusu ya alfajiri na moja na nusu ya jioni: 18 kwa wiki. Ongeza saa 6 za chakula cha ndani ya gari. Jumla ni saa 33 za ziada kila wiki, sawa na sh. 99,000. Kwa wiki nne ni sh. 396,000. Ovataimu yako imeupita mshahara. Halafu ulinganishe na posho ya 5,000 kwa siku, ambayo kwa wiki ni 30,000.

Na posho hiyo, hata ingekuwa kubwa, siyo ovataimu kwa sababu tu bosi ameiita hivyo leo. Kila malipo ya mshahara yanatakiwa yaambatane na maelezo ya maandishi yanayoonyesha umelipwa nini. Tafuta hati yako ya mshahara. Kama imeandikwa "posho ya chakula" au "posho ya safari", basi ndivyo ilivyo. Kama haijaandikwa kabisa, mwache bosi ndiye aeleze.

Kuna jambo zito zaidi ya pesa kwenye hesabu hiyo. Sheria inaweka kikomo cha saa 50 za ovataimu katika kila wiki nne, na inakataza kabisa kumfanyisha mtu kazi zaidi ya saa 12 kwa siku. Wewe una saa 132 kwa wiki nne, na siku yako ina saa 13. Makubaliano yoyote hayawezi kuhalalisha hilo, hata ungeweka dole gumba kwa hiari. Ukifika mbele ya mwamuzi wa migogoro ya kazi, mwajiri anaweza kuja na hoja ya ajabu kwamba saa zilizovuka 50 haziwezi kulipwa kwa kuwa zimekatazwa. Mimi siikubali: katazo liliwekwa kumbana yeye, haliwezi kugeuka zawadi yake. Lakini jiandae kuisikia.

Nusu saa ile kabla ya saa 12:00 alfajiri nayo ni ya usiku kisheria, maana usiku unahesabiwa kuanzia saa 2:00 usiku hadi saa 12:00 alfajiri. Ina nyongeza ya asilimia 5 juu ya kiwango cha ovataimu. Ni vishilingi, ila viweke kwenye madai.

Usishangae kwamba mambo haya yanatokea Tanga. Mkoa huu umekulia kwenye mkonge, na wazee wetu walifanya kazi kwa kipande, ile kadi ya siku thelathini. Asiyemaliza kipimo chake cha siku hakuwekewa alama, na siku hiyo ilikuwa kama hakuwahi kushika panga. Bosi wako anafanya yale yale kwa daftari la kaunta.

Twende kwenye ushahidi. Kanuni ya kawaida ni kwamba anayedai ndiye anayethibitisha, na madai mengi ya ovataimu hufia hapo. Mfanyakazi anakuja na maneno, mwajiri anakuja na daftari lenye saini ya mfanyakazi huyo huyo, ikionyesha aliingia saa 1:00 na kutoka saa 11:00. Ukiulizwa kwa nini ulisaini uongo, utajibu nini?

Kwa hiyo kuanzia kesho andika muda wa kweli pembeni ya saini yako. Wakikukataza, usigombane. Ukifika yadi mtumie msimamizi ujumbe wa adabu: "Shikamoo bosi, nimefika saa 11:30, naanza kupakia gari la Muheza." Jioni vilevile: "Nimemaliza hesabu kwa keshia saa 12:25, naondoka." Hakuna aliyewahi kupewa barua ya onyo kwa kusalimia. Msimamizi akijibu "sawa" mara kadhaa, umeshamaliza ubishi wa kwamba hakujua. Na zile meseji anazotuma yeye kwenye grupu la WhatsApp, "kesho wote saa 11 na nusu, atakayechelewa gari anapewa deiwaka", usizifute hata simu ikijaa. Piga picha ya skrini, tuma kwa mtu wa nyumbani azitunze. Swali la kwanza la mwamuzi huwa ni nani aliyekuagiza kuja muda ule.

Kisha angalia karatasi unazozigusa kila siku bila kuzijali. Risiti ya mashine ya kielektroniki ya kituo cha mafuta ina tarehe na saa. Kama umejaza mafuta saa 12:40 asubuhi na daftari linasema hujafika kazini, risiti hiyo inasema yote. Kitabu cha mlinzi getini kinaandika gari limetoka na kurudi saa ngapi, na mara nyingi hakuna aliyekumbuka kukioanisha na daftari la mahudhurio. Hati ya mzigo aliyoigonga muhuri mwenye duka kule Maramba, ujumbe wa malipo ya simu wa mteja wa Pangani, na kama gari lina kifaa cha kufuatilia mwendo, kumbukumbu zake zote. Huwezi kuchukua nyaraka za kampuni ukaondoka nazo, huo utakuwa wizi na wataufurahia. Ila unaweza kuandika namba ya risiti, tarehe na saa kwenye daftari lako, na baadaye kuomba zitolewe.

Daftari lako mwenyewe liandike kila siku jioni, siku kwa siku. Waamuzi wanalijua daftari lililoandikwa usiku mmoja kwa kalamu moja, mwandiko umenyooka kama wa insha. Lako liwe na wino tofauti, doa la oili, siku uliyoumwa, siku uliyotoka mapema. Siku uliyotoka mapema iandike hasa. Ndiyo itakayofanya zile nyingine ziaminike.

Na mkataba? Hukuniambia kama unao. Mwajiri anapaswa kukupa maelezo ya maandishi ya ajira, pamoja na saa za kazi na namna mshahara unavyokokotolewa. Akifika kwenye shauri bila kuyaleta, mzigo wa kuthibitisha sharti linalobishaniwa, zikiwemo saa za kazi, unahamia kwake. Kwa hiyo kukosa mkataba si mwisho wa dunia kama wengi wanavyodhani. Na kama barua yako imekuita "msimamizi wa ruti", usitishike. Ni kweli masharti ya saa hayamhusu meneja anayesimamia wengine kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu, lakini kuwa na utingo mmoja hakukufanyi meneja.

Hukuniuliza juu ya shoti, ila niseme machache. Bosi hawezi kukata tu. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lako, akueleze kwa maandishi chanzo na hesabu yake, akupe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Tena tazama kichekesho chake: anakukata kwa shoti iliyopatikana saa 12:00 jioni, saa ambayo kwa daftari lake hukuwa kazini. Chagua moja, bosi.

Hilo linanipeleka kwenye ajali, ambayo mimi inanitisha kuliko ovataimu. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) hulipa ulemavu, matibabu na vifo vinavyotokana na kazi. Kreti ikikuangukia mguuni saa 11:50 alfajiri, daftari litasema ulikuwa hujaingia. Utahangaika kuthibitisha kwamba ulikuwa kazini, wakati huo huo ukiwa umefungwa plasta. Hata kama huna mpango wa kudai senti, kwa sababu hii peke yake muda wako uandikwe.

Kuhusu video ya Marekani, itazame kama habari tu. Kule sheria kuu ya saa na ujira ni ya 1938, na mwaka 1947 waliondoa kwenye malipo, kwa sheria nyingine, baadhi ya muda wa kabla na baada ya kazi. Ndiyo maana mwaka 2014 Mahakama yao ya Juu ilisema wafanyakazi wa ghala hawakustahili kulipwa kwa muda wa kusubiri kupekuliwa wakitoka. Sisi hatuna kipengele kama kile cha 1947. Kwa wanaobeba vifurushi kwa programu za simu, kesi ya Uingereza ya 2021 dhidi ya Uber ina mafunzo zaidi: mahakama ilikubali kwamba dereva aliyewasha programu, yuko eneo lake na tayari kupokea abiria, yuko kazini hata kabla hajapata abiria. Zote mbili hazimfungi mwamuzi wa Tanga.

Sasa ufanye nini. Kwanza kaeni madereva mjadiliane, maana mmoja akienda peke yake anaonekana mkorofi. Kama mna tawi la chama cha wafanyakazi, kwa mfano TUICO cha watu wa viwanda na biashara, mpelekeeni katibu. Andikeni barua fupi yenye hesabu, bila matusi wala vitisho, mkiomba mambo mawili: muda wa daftari uwe muda wa kweli, na malimbikizo yajadiliwe. Sehemu nyingi bosi husogeza keshia wa pili, akapakia magari jioni, na tatizo la mbele likapungua nusu. Wengine huleta zamu. Mnaweza pia kumwona afisa kazi wa mkoa, ambaye ana mamlaka ya kuingia, kukagua kumbukumbu na kutoa amri ya kutekeleza sheria. Kwa mwenye hofu ya kujulikana, njia hii ni tulivu zaidi.

Bosi akikataa au akikaa kimya, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Na hapa naomba usikilize vizuri: mgogoro wa malipo unapelekwa ndani ya siku 60 tangu ulipotokea. Wapo wanaovumilia miaka, wakifukuzwa ndipo wanafungua jalada la ovataimu ya tangu enzi hizo, na kinachofuata ni kubishana juu ya muda tu. Unaweza kuomba kuongezewa muda kwa sababu za msingi, lakini usiutegemee. Mishahara ya mwezi huu ikitoka bila ovataimu na umeshadai, anza kuhesabu siku. Unajaza Fomu Namba 1, unampelekea mwajiri nakala kwanza na kupata uthibitisho kwamba ameipokea, kisha unaiwasilisha. Wakili si lazima, unaweza kuwakilishwa na chama. Huanza usuluhishi, na mambo mengi ya namna hii huishia hapo kwa makubaliano ya kiasi kilicho chini ya ulichodai. Usiingie ukiwa umeshaitumia ile 396,000 kichwani.

Kufukuzwa? Nikikuambia haiwezekani nitakuwa nakudanganya. Ninachoweza kukuambia ni kwamba kudai haki iliyomo kwenye sheria si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi, na ukiachishwa kwa hilo una shauri jingine, lenye muda mfupi zaidi: siku 30. Walio na chini ya miezi sita kazini ulinzi huo hauwafikii, kwa hiyo kijana mgeni msimweke mbele asome barua. Na wewe usimpe bosi sababu nyingine. Usiache gari na mzigo barabarani saa 11:00 ikigonga, usichelewe, usimjibu vibaya. Ovataimu ni ya makubaliano na unaweza kuikataa, ila ikatae mapema na kwa maandishi, siyo ukiwa Horohoro na kreti mia bado ziko juu.

Utingo wako asifikiri kuitwa kibarua kunamtoa. Sheria ya Taasisi za Kazi, Sura ya 300, inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa lipo hata moja kati ya haya: anafanya kazi kwa maelekezo ya mwingine, saa zake zinapangwa na mwingine, anatumia vifaa vya mwingine, anategemea pato la huyo mmoja, au amemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita. Saa 45 kwa mwezi, yeye anazimaliza kabla ya Ijumaa ya wiki ya kwanza. Anacholipwa kwa siku kigawanywe kwa saa zake za kawaida za siku, kisha mara moja na nusu, na hesabu yake inaanza pale pale saa 11:30 mnapoanza kupakia. Mwambie naye anunue daftari lake, asitegemee lako.